Majibu Kumi ya Bi Vikundi

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika. Naandika haya nikiwa bado nimekasirika, kwa makusudi, maana kesho naweza kupoa na sitaki kupoa.

Mkutano wa idara, saa nne asubuhi. Chai imepoa, viti havitoshi. Mkuu wa idara (tulisoma darasa moja, alikuwa akinakili kazi zangu, leo anakalia kiti cha bosi chenye magurudumu) akatangaza kwamba Utangulizi wa Elimu ya Nyota mwaka huu utakuwa na mikondo miwili. Wa kwanza wangu. Wa pili kapewa yule mwalimu mpya, binti wa juzi, hajamaliza hata mwaka hapa chuoni. Huyo hatoi mihadhara. Anawakalisha wanafunzi wanne wanne, anawapa karatasi moja ya maswali, halafu wabishane mpaka waelewane. Kila mmoja na cheo chake: mwenyekiti, mwandishi, msemaji na mwenye shaka. Mwenye shaka! Mtu mzima anaamka, anaoga, anapiga mswaki, anakuja chuoni kutilia shaka! Nimeshampa jina. Bi Vikundi.

Somo hili nimelibeba peke yangu miaka kumi na tisa. Ukumbi Mkuu, chaki, na daftari langu la njano, ambalo lilikuwa jeupe nilipolianza. Naingia saa mbili kamili, natoka saa tatu kamili, na katikati hafungui mdomo mtu isipokuwa mimi. Daftari lenyewe silisomi tena, nalishika kwa heshima tu. Hata kichekesho kina mahali pake, wiki ya pili: Zohali ndiyo sayari pekee iliyovishwa pete, nyingine bado zinasubiri posa. Kila mwaka hucheka watu wawili watatu. Wanafunzi wananiita Kaseti. Mwanzoni nilidhani ni matusi, baadaye nikaelewa kwamba wanasifia sauti yangu.

Ngoja, sijamaliza. Ijumaa ya tarehe 14 mikondo yote miwili itafanya mtihani mmoja. Maswali kumi, anatunga mkuu mwenyewe, sisi hatuyaoni. Mkondo ukishinda, mwalimu wake anabaki na somo lote. Anayeshindwa anakwenda kusimamia stoo ya maabara. Stoo! Chumba hakina dirisha! Nimebakiza miaka sita nistaafu, nikaorodheshe mizani zilizopinda na darubini zisizoona!

Kila mmoja wetu alipewa orodha ya mada kumi zitakazoulizwa. Nimeikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu wa meza yangu ya ofisini, ambao ulikuwa unacheza tangu mwaka juzi. Nifundishwe mada na mtu aliyekuwa akinakili kwangu? Thubutu.

Bi Vikundi akanifuata koridoni. Shikamoo Mwalimu, kainama kabisa. Akasema angefurahi sana tukiandaa mazoezi pamoja. Pamoja! Nikaitikia marahaba nikaenda zangu.

Sasa lililoniuma kuliko yote. Kitinda mimba wangu kaanza mwaka wa kwanza hapa hapa. Wanafunzi wamechagua mikondo wenyewe, orodha imebandikwa. Nimeisoma mara tatu. Jina la binti yangu liko mkondo wa pili. Wakati wa chakula nikamuuliza, akasema ratiba ya huko inamfaa. Mama yake akatazama sahani. Kisha akasema, kama mtu anayeongea na chumvi, kwamba hata yeye shuleni kwake anawafundisha watoto kwa makundi tangu kabla sijamuoa. Sikujua. Sikuwahi kuuliza.

Stoo siiogopi. Ninachoogopa ni binti yangu aje anione natoka stoo na vumbi kichwani.

Jumanne, 4 Machi

Nimelala juu ya hasira nikaamka na mpango.

Katika mkondo wangu kuna kijana tunamwita Spika. Mbishi wa kuzaliwa. Ukimwambia ni saa tatu atakwambia inategemea. Dakika tano na huyu mtu, unataka kuhama mtaa. Nikamwita ofisini, nikafunga mlango, nikamwambia nina kazi ya kitaaluma kwa ajili yake. Aende mkondo wa pili wiki hii, aingie kwenye kundi lolote, apinge kila neno litakalosemwa. Asikubali hata salamu. Akauliza kwa nini. Unaona? Ndiye hasa ninayemtaka.

Makundi ya Bi Vikundi yatavunjika kabla ya Ijumaa.

Alhamisi, 6 Machi

Mshenzi.

Spika kaja ofisini uso unang'aa. Jana walimpokea, wakauliza nani atakuwa mwenye shaka, yeye akapewa. Akapinga saa nzima. Alipomaliza, wenzake wakampigia makofi! Eti kwa ubishi wake wamegundua kosa walilokuwa wamekubaliana wote. Bi Vikundi akamshukuru mbele ya watu. Kijana anasema tangu azaliwe hajawahi kushukuriwa kwa kubisha, hata kwao wanamtoa nje. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Akaomba nimsainie fomu ya kuhama mkondo.

Nimesaini. Kalamu imetoboa karatasi ikaingia kwenye meza.

Mlangoni akageuka akauliza, kwa adabu kabisa, kama nina uhakika na lile nililosema juzi darasani kuhusu umbali wa nyota. Nikamwambia atoke.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefikiri usiku kucha, na jibu ni viti.

Makundi yanahitaji viti vinavyogeuka. Bi Vikundi anafundishia chumba namba saba: meza za duara, viti vyepesi, madirisha pande zote, nuru kama sokoni. Ukumbi Mkuu ninaoutumia mimi una mabenchi yaliyopigiliwa misumari sakafuni, ngazi ngazi, yote yanatazama mbele. Sasa mtu abishane na nani pale? Na kisogo?

Nikamwendea mtunza majengo. Nikamshika koo langu, yaani nikashika koo langu mbele yake, nikakohoa, nikasema daktari kanikataza kumbi kubwa. Akanipa pole. Kuanzia Jumatatu tumebadilishana vyumba. Nilikohoa tena nikitoka, ili isije ikaonekana nimepona ghafla.

Jumatatu, 10 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Watu mia na kumi na wanne kwenye meza za duara. Nikasimama mbele. Nusu yao wamenipa migongo! Nikahamia upande wa pili. Nusu nyingine ikanipa migongo. Nikaanza kufundisha huku nazunguka chumba, na nilipofika dirishani tayari meza za mlangoni zilikuwa kwenye mazungumzo yao. Weka watu wanne wakitazamana usoni uone kama watanyamaza. Kichekesho cha Zohali nimekitoa kwa sauti yote niliyonayo. Kimya. Kisha meza moja ikaangua kicheko, nikajua angalau hao wamepata, kumbe walikuwa wanaangalia simu.

Jasho. Nikavua miwani nijifute, nikaiweka kwenye kiti. Nikazunguka tena. Nikachoka. Nikakaa.

Ndiyo, kiti hicho hicho.

Kioo kimoja vipande viwili, kingine sijakipata mpaka sasa. Nimemaliza muhadhara kwa kichwa, jambo lisilonisumbua, lakini nililinyooshea kidole cha onyo kabati la vitabu nikidhani ni mwanafunzi, na walioona wakacheka. Hapo ndipo walipocheka.

Nyumbani, binti anamsimulia mama yake jinsi Ukumbi Mkuu ulivyo mzuri. Eti waliokaa mbele wanageuka tu kuwatazama wa nyuma yao, kundi tayari. Eti mapazia ni mazito, wameyafunga, wakawasha taa moja katikati, kila mtu na mpira wake mkononi, wakaona vizuri jinsi mwezi unavyopata sura zake. Kule chumba namba saba nuru ilikuwa inawaharibia. Wanamshukuru sana aliyebadilisha vyumba.

Nimewapa mimi. Kwa mikono yangu na koo langu.

Jumanne, 11 Machi

Fundi wa miwani anasema Jumatatu ijayo. Nimemwambia nina mtihani Ijumaa. Kaniuliza kama ninaufanya mimi. Mjinga.

Lakini tulia, shajara, leo nina jambo zito.

Nilikwenda ofisi ya karani wa idara kuchukua chaki. Karani alikuwa kwenye simu. Kwenye mashine ya fotokopi kulikuwa na rundo la karatasi bado zina joto. Bila miwani mimi naona herufi kubwa tu, tena nikinyoosha mkono wote. Nikanyoosha. Juu kabisa, kwa wino mzito: MAJIBU. Chini yake namba moja mpaka kumi.

Kumi! Maswali kumi, majibu kumi!

Nikamuuliza karani hizi ni za nani, akafunika simu kwa kiganja akasema za yule mwalimu mpya, anazitaka kesho asubuhi darasani. Kumbe! Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mwalimu, kumbe majibu ya mtihani anayo! Mkuu kampa! Wamekula njama hawa, stoo yangu walishaipiga deki zamani. Wizi wa mitihani katika idara niliyoitumikia kwa jasho!

Mtu mwadilifu afanye nini? Nikachukua nakala moja, ya ushahidi. Nikainyanyua dirishani kuihakikisha, nikaikunja. Karani akauliza kama nimepata chaki. Nikasema nimepata. Sikuwa na chaki.

Nilipofika ofisini nikaona kwamba ushahidi peke yake hautoshi. Mkuu ni mshiriki, nimpelekee nani? Haki ni mikondo yote miwili iwe na kitu kimoja. Basi. Siibi mimi. Nasawazisha.

Jumatano, 12 Machi

Alfajiri nimechukua mkasi wa kushonea wa mke wangu. Kichwa chote cha karatasi nikakikata, maana jina lake lazima liko hapo. Chini kabisa kulikuwa na mstari mdogo mdogo peke yake. Sikuweza kuusoma, kwangu ulikuwa kama siafu wanavuka njia. Nikaukata nao, usije ukawa sahihi yake. Mtu wa mipango hukata juu na chini.

Majibu yenyewe sikuyasoma. Ningemwomba mke wangu anisomee, lakini yule mwanamke ana maswali: imetoka wapi, mbona imekatwa, mkasi wangu uko wapi. Binti hawezekani. Na kwa nini nisomewe? Miaka kumi na tisa! Nisomewe kwamba Jua ni nyota?

Nikatoa nakala mia na kumi na nne duka la nje ya chuo, nikagawa darasani kwa mkono wangu. Nikawaambia wakariri neno kwa neno, nukta kwa nukta, wasiongeze wala wasipunguze. Atakayebadilisha hata herufi asinisalimie.

Msichana wa meza ya mbele akanyoosha mkono. Akaanza kusema kwamba hii namba moja yeye anaona. Nikamkatiza hapo hapo. Hapa hakuna kuona, hapa kuna kukariri. Mwingine nyuma yangu (kila mtu yuko nyuma yangu katika chumba hiki) akasema mbona wiki iliyopita mimi mwenyewe nilisema. Nikamkatiza pia. Nikawaambia mkondo huu hauna mwenye shaka, kama wanataka shaka waende Ukumbi Mkuu wakakalie misumari. Wakanyamaza wote, wakaanza kukariri kwa sauti ya chini. Utamu ulioje. Nilikuwa nimesahau jinsi chumba kinavyotulia.

Jioni mezani, binti kaanza. Eti Baba, leo tumepewa karatasi ya majibu kumi. Nikainua mkono. Nikamwambia siri za mtihani hazizungumzwi kwenye meza yangu, na kama mwalimu wake hana haya, yeye awe nayo. Akanitazama. Akamtazama mama yake. Akasema siyo siri, Baba, ngoja tu nikuonyeshe. Akachukua chungwa, akalichoma penseli kwa chini, akasogeza taa ya mezani, akaniomba nikae kwenye kigoda nilishike chungwa mbele ya uso wangu kisha nijizungushe polepole. Mimi! Nizunguke na chungwa nyumbani kwangu! Nikamwambia machungwa huliwa. Nikaingia chumbani.

Nikawasikia nikiwa nyuma ya mlango, yeye na mama yake. Mke wangu ndiye aliyekuwa anazunguka. Alikuwa anacheka kama alivyokuwa akicheka zamani.

Ijumaa, 14 Machi

Ushindi!

Mtihani umefanyika uwanja wa ndani wa michezo, mikondo yote pamoja. Wanafunzi wangu walimaliza kwa dakika saba. Saba! Waliandika vichwa chini, wote pamoja, kalamu zinakwenda kama cherehani za kiwanda. Wa Bi Vikundi walikuwa wanatazama dari, wanajikuna, wanafuta, wengine wanazungusha ngumi hewani kama wanashika mpira. Nimemwona binti yangu akizungusha ngumi. Niliona aibu kwa niaba yake.

Bi Vikundi akaniuliza polepole kama wangu wameshindwa, mbona wanatoka mapema. Nikamwambia kila mtu na mbinu zake, mama. Nikamwita mama kwa makusudi, aone nimemsamehe.

Jumamosi nitaanza kufikiria nitawapanga vipi tena kwenye Ukumbi Mkuu.

Jumatatu, 17 Machi

Miwani nimeichukua asubuhi. Ningejua ningeiacha kwa fundi.

Saa tano nikaitwa kwa mkuu wa idara. Bi Vikundi yumo, karani yumo, na juu ya meza marundo mawili. Mkuu akanisukumia karatasi ya juu ya rundo langu akaniomba nisome. Nikavaa miwani mipya. Kila kitu kilionekana vizuri mno.

Namba moja: mwezi hupungua kwa sababu kivuli cha Dunia kinaufunika kama shuka. Namba mbili: joto huja kwa sababu Dunia imelisogelea Jua. Namba tatu: nyota nyekundu ndizo za moto kupita zote. Namba nne sitaiandika humu, nina heshima yangu. Nikachukua ya pili. Kama shuka. Ya tatu. Kama shuka. Mkuu akasema nisijisumbue, wote mia na kumi na wanne wana shuka. Hakuna aliyepata hata jibu moja, hakuna aliyekosea hata koma. Akasema hata ukimfungulia mbuzi kwenye karatasi, atakanyaga jibu moja sahihi.

Kisha akatoa karatasi yenyewe, nzima, haijaguswa na mkasi. Juu MAJIBU, na chini yake kwa herufi ndogo: tuliyoyatoa siku ya kwanza, kabla hatujajifunza. Na ule mstari wa siafu kule chini: yote kumi yana makosa, kila kundi lieleze kosa liko wapi.

Kumbe Bi Vikundi alichukua ile orodha ya mada kumi, akawauliza wanafunzi wake siku ya kwanza wanadhani nini, akakusanya makosa yao, akawarudishia wayavunje wenyewe wakibishana. Mkondo wake umepata wastani wa saba. Na karani, mnafiki yule, akasema aliniona nimeinyanyua karatasi dirishani, akadhani nampenda mwalimu mpya na najifunza kwake kimya kimya. Alifurahi, anasema.

Nikajitetea. Nikasema fundi wa miwani ni mzembe. Mkuu akauliza fundi anahusikaje. Nikasema ndiyo hasa ninachouliza na mimi.

Nikajua ni stoo. Nikaanza hata kuisikia harufu yake. Hapo Bi Vikundi akasema. Akamwomba mkuu, kwa sauti ya chini, asinipeleke stoo. Akasema wanafunzi mia na kumi na wanne kunyamaza wakati wanaona kosa siyo jambo la kuchekwa, ni jambo la kurekebishwa, na hawezi kulirekebisha bila mimi. Alipendekeza mtihani wangu ufutwe, na mimi nikae darasani kwake wiki mbili, ndani ya kundi, kama mwanafunzi mwingine. Baada ya hapo tufundishe pamoja. Mkuu akakubali.

Nikasema asante. Neno lilitoka kavu kama chaki. Anioneshe huruma mbele ya karani! Afadhali angenitukana, ningejua pa kushika.

Nilirudi ofisini nikapiga meza ngumi. Haikutikisika. Ile orodha inaishikilia vizuri.

Jumanne, 18 Machi

Binti kajua. Chuo kizima kimejua, mtu wa duka la fotokopi kaniuliza nataka shuka ngapi leo.

Jioni nikaona nianze mimi kabla hajaanza yeye. Alikuwa mezani anamenya chungwa. Nikamwambia mkondo wao umejaa wapumbavu, na nataka kumjua huyo mmoja aliyesema habari ya shuka siku ya kwanza, maana kosa la namna hiyo hata mtoto mchanga halifanyi, na aliyemfundisha huyo mtu afungwe.

Hakuinua kichwa.

“Namba moja ni yako, Baba,” akasema. “Nilikuwa na miaka sita. Nilikuuliza mbona mwezi umepungua. Ulikuwa unasoma gazeti. Ukasema kivuli cha Dunia kimeufunika kama shuka, haya na wewe jifunike ulale.”

Nikasema sikumbuki. Akasema yeye anakumbuka, hata gazeti lilikuwa na picha ya lori. Akasema aliwaambia shule nzima. Siku ya kwanza darasani Bi Vikundi alipouliza nani anajua, yeye alisimama akalitoa jibu hilo kwa majivuno, kwa sababu ni la baba yake na baba yake ni mtu wa nyota. Hakuna aliyemcheka. Kundi lake likampa taa na mpira, wakamwacha azunguke mpaka akaona mwenyewe kwamba kivuli hakimo kabisa, ni sisi tu tunaouona upande wenye mwanga kidogo au mwingi, kwa zamu.

Kisha akasema, polepole, kama mama yake anavyosema:

“Ndiyo maana nilikwenda kule. Nilitaka mahali pa kuuliza tena.”

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Nilitafuta neno. Lilikuwepo, nililiona kabisa lilipo. Nikasema chungwa linadondosha maji mezani.

Akalifuta. Akaniachia nusu kwenye sahani. Nilikula nimekasirika, na sijui nilimkasirikia nani.

Jumatatu, 24 Machi

Siku yangu ya kwanza kama mwanafunzi. Umri wangu, suti yangu, kwenye benchi la misumari.

Bi Vikundi akaniweka kundi moja na Spika, na binti yangu, na msichana mmoja asiyesema sana lakini anayeandika kila kitu. Spika mwenyekiti! Mtu niliyemtuma mimi! Vyeo vikagawanywa kwa kuokota vikaratasi. Nikaokota mwenye shaka. Nikasema afadhali. Nikatilia shaka taa, nikatilia shaka mpira, nikatilia shaka penseli. Spika akanishukuru kila mara. Hakuna kitu kinachotia hasira kama kushukuriwa na Spika.

Kisha mipira ikapungua, binti akatoa chungwa kwenye mkoba wake. Akaniambia, Baba, shika, nyoosha mkono, jizungushe taratibu, usiangalie taa, angalia chungwa. Mapazia yamefungwa. Nikazunguka. Ukingo mwembamba wa mwanga ukatokea upande mmoja wa chungwa, ukanenepa, ukawa nusu, ukajaa, ukaanza kupungua tena. Pole pole. Hakuna kivuli chochote. Miaka kumi na tisa nimechora hili ubaoni na sijawahi kulishika mkononi. Nilizunguka mara tatu. Walikuwa wananisubiri, na hakuna aliyenihimiza.

Binti akaniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona. Akatabasamu, na alikuwa na uso ule ule wa miaka sita. Kitu kikanipanda kooni, safari hii bila kukohoa kwa makusudi.

Itakuwa ni lile joto la taa.

Nimerudi nyumbani nimekaa, nimefikiri kwa utulivu, na sasa naona wazi kila kitu. Mbinu hii ni nzuri mno kuachiwa binti wa juzi. Namwandikia makamu mkuu wa chuo barua usiku huu. Nitaeleza kwamba njia ya chungwa na taa niliibuni mimi, hapa hapa nyumbani, zamani, siku binti yangu aliponiuliza mbona mwezi umepungua, nami nikaweka gazeti chini, nikachukua chungwa, nikawasha taa, nikamwonyesha. Bi Vikundi kaichukua kwangu kupitia mtoto. Wizi mtupu! Ukumbi Mkuu urudi kwangu, na yeye aone stoo ilivyo.

Shahidi nitamtaja binti mwenyewe. Hatanikana. Na hata akitaka kunikana, wakati ule alikuwa na miaka sita, na mtoto wa miaka sita anakumbuka nini?